Kashata za Daktari

Jina lake sitaliandika. Anayelitaka atalikuta kwenye vitabu vyake, na vitabu vyake ni vingi. Sisi watoto wa Changamwe tulimwita Daktari Kashata, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Habari za kifo chake aliniletea kijana mmoja mhadhiri, Athmani, aliyekuja kwangu Mtopanga Jumamosi moja asubuhi na shati lililopigwa pasi mpaka mikononi, akanipa shikamoo ya pili kabla sijamaliza kuitikia ya kwanza. Nilimkaribisha sebuleni, nikamtilia chai ya iliki, akaketi ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa. Alipomaliza kuulizia magoti yangu na wajukuu zangu wote, alitoa kitabu mkobani akakiweka mezani taratibu. Juu ya jalada palikuwa na picha ya mkono wa mtoto ukichukua kashata sahanini. "Bibi," akasema, "ndani wameandika kwamba huyu ni Mtoto Z. wa Changamwe. Tumeulizia kila mahali, tukaambiwa ni wewe." Nikamwambia ni mimi. Akashika kichwa. "Subhanallah! Bibi, mkono wako unajulikana dunia nzima!"

Akanieleza kwa furaha kwamba mzee wetu amefariki kwao, katika uzee mkubwa, na chuo chao kimejenga ukumbi mpya ambao utapewa jina lake. Kutakuwa na sherehe ya kumuenzi. Yeye ndiye aliyeandika, wakati kila mwalimu anatembea na kiboko, kwamba tabia ya mtoto inabadilishwa kwa kumtuza anapofanya vyema, si kwa kumpiga anapokosea. Walimu wengi wa nchi hii walisoma hayo wakatupa viboko vyao. Mimi sitaki kumdhulumu mtu, hata aliye kaburini: Daktari Kashata hakupenda mtoto apigwe, na hilo alilisema wakati ambapo wengine walinyamaza. Nampa haki yake hapo, na hapo tu. Athmani alitaka nije niseme maneno machache nikiwa shahidi wa mwisho aliye hai. Nikamwambia nitakuja, tena kwa furaha kubwa, na nilikuwa nasema kweli. Lau angelijua furaha yenyewe ni ya namna gani, angeliacha chai yangu nusu akaenda zake. Madaktari wameniambia niache chumvi, niache sukari, niache na vitu vya kukaanga. Hakuna aliyeniambia niache kinyongo, na hiki nimekilea kwa zaidi ya miaka sitini, kina afya kuliko mimi.

Nilikuwa darasa la nane, miaka michache kabla ya uhuru. Ulikuwa mwaka wa maneno mengi. Barazani kwetu Changamwe wanaume walibishana kila alasiri kama mwambao utakwenda na Bara au utabaki na Sultani, na nani atafungasha, na nani atabaki. Sisi tulikuwa ukumbini, nyuma ya pazia, na maneno yote yalitufikia. Nakumbuka siku moja mjomba alisema kwa sauti kubwa kwamba wabara wote watarudi kwao, na mama, aliyekuwa anapakua wali, akamjibu kutoka ndani: "Na huyu mtoto wa watu aliyeketi hapa anakula, naye afungashe? Punguzeni sauti, mna mgeni nyumbani." Mgeni mwenyewe alikuwa Nafula. Babake alifanya kazi reli na walikaa kwenye nyumba za reli karibu na stesheni, chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka la maua, kitanda upande huu na jiko upande ule. Tulikaa dawati moja tangu darasa la tano kwa sababu moja tu, sote wawili tuliandika kwa mkono wa shoto. Mwalimu alichoka kuona viwiko vyetu vikigongana na vya wenzetu, akatuweka pamoja nyuma kabisa, na hapo tukawa ndugu.

Nafula alikuwa na akili kutupita sote, wavulana kwa wasichana. Mwandiko wake ulinyooka mpaka mwalimu alikuwa akimpa chaki aandike ubaoni mazoezi ya darasa zima, naye akasimama na mkono wake wa kushoto ukikimbia kutoka upande hadi upande bila kufuta neno. Alinifundisha hesabu za sehemu kwa kunikatia mkate wa boflo. Alijua hasa anachokitaka: apasi mtihani, aende shule ya bweni ya wasichana, arudi awe mwalimu. Hakuna mwanamke yeyote kwao aliyewahi kuwa na kazi hiyo. Alipokuwa akisema "nitakapokuwa mwalimu" hakutia inshallah, na mama yangu alikuwa akiitia kimoyomoyo kwa niaba yake, midomo yake nikiiona ikitikisika.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mimi nina shoto tangu kuzaliwa, lakini tangu siku niliyoanza kuketi kwenye mkeka mbele ya sinia, kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye wali, mama aliupiga kofi. Huli kwa kushoto, hupokei kitu kwa kushoto, humpi mtu kitu wala mkono kwa kushoto. Kuandika hakukumhusu. "Kula ni kula, kuandika ni kuandika," alisema, na akaniacha na kalamu yangu. Hivyo ndivyo walivyolelewa wenye shoto wote wa mitaa yetu. Ukitutazama tunakula, hutajua nani ana shoto na nani hana. Nafula hakulelewa hivyo. Kwao alikula kwa mkono uliomjia. Alipoanza kula kwetu, mama alimwona, na mimi nilimwona mama anavyomwona. Lakini mtoto wa watu hakanywi mbele ya chakula. Alichofanya mama ni kumtoa Nafula kwenye sinia kwa heshima, akampa sahani yake peke yake, ile ya maua ya buluu iliyokuwa ya wageni wakubwa, na kijiko. Jioni nilimsikia akimwambia shangazi jikoni: "Nitamkanyaje, si mwanangu. Akiondoka hapa na kumwambia mamake kwamba nimemtoa kasoro, uso wangu na mato yangu nitayaweka wapi?" Nafula alifikiri anapewa sahani ile kwa sababu anapendwa sana. Alikuwa kweli anapendwa sana.

Daktari Kashata, mzungu mtafiti wa tabia za watoto, alikuja muhula wa pili, kwa gari dogo lenye vumbi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, na Kiswahili alikijua, si kile cha kuagiza chai tu, bali Kiswahili cha kukaa na watu. Mwalimu mkuu alimtolea ghala la nyuma ya shule. Walitoa majembe na magoli yaliyovunjika, wakapaka chokaa, wakaweka meza moja na viti viwili, na ndani ya siku chache chumba kile kikaanza kunuka nazi na sukari badala ya popo. Alikuja madarasani, akauliza nani anaandika kwa kushoto, akatuchukua wanane, atugeuze tutumie wa kulia bila kiboko. Hakuuliza tunakula kwa mkono gani. Angalimwuliza mtoto yeyote aliyekuwa anacheza uwanjani, angalimwambia bure. Lakini yeye kwao wanakula kwa uma mkono huu na kisu mkono ule, na pengine hata siku moja halikumpitia wazo kwamba mkono wa kula na wa kuandika inaweza kuwa na mama wawili tofauti.

Tuliitwa mmoja mmoja. Ukiingia unamkuta ameketi, mbele yake sahani yenye kipande cha kashata ya nazi ya rangi ya waridi, na pembeni kawa, lile la ukindu la kufunikia chakula. Anakuambia uchukue. Ukinyoosha mkono wa kulia, kashata ni yako, na anakuongezea ya pili, na anatabasamu mpaka unamwona jino la dhahabu. Ukinyoosha wa kushoto, kawa linashuka juu ya sahani, na yeye anatazama dirishani bila neno, bila hasira, mpaka uondoke. Basi hiyo ndiyo elimu yote. Siku ya kwanza nilipoingia nilinyoosha mkono wa kulia, ningenyoosha upi mwingine, chakula kiko mbele yangu na mzungu anatazama? Nikala kashata mbili. Siku ya pili hivyo hivyo. Baada ya wiki chache akaleta kamera, akanipiga ile picha. Wenzangu sita, wote watoto wa mitaa yetu, walifanya kama mimi, na nje tulicheka mpaka tukalala chini kwa jinsi mzee yule alivyofurahi kutupa vitu vitamu kwa kutumia mkono ambao mama zetu walikuwa wameufundisha zamani. Akatuandika kuwa tumebadilika, akafunga habari zetu, asitutazame tena. Darasani niliendelea kuandika kwa shoto kama kawaida, mbele ya macho ya kila mtu. Hakurudi kuangalia.

Aliyebaki ni Nafula. Kila siku alinyoosha mkono wa kushoto, na kila siku kawa lilishuka. Nilimwambia, "Chukua kwa kulia, mwenzangu, uzipate kashata zako." Akacheka. "Kwa sababu ya kashata? Mimi si kuku wa kuitwa kwa punje." Kwake ulikuwa mchezo wa kijinga, na alikuwa na mtihani wa kufikiria. Lakini kila kawa liliposhuka, Daktari alizidi kumpenda, kama fundi anavyolipenda gari lililokataa kuwaka. Ndipo akaja na mfuko. Alishonesha mfuko mdogo wa kitambaa cha marekani, wenye kamba, akautia mkono wa kushoto wa Nafula mpaka kwenye kiwiko na kuufunga. Alimwita babake, akamweleza kwa upole kwamba hii si adhabu, ni msaada, mkono wa kulia umelala na lazima uamshwe. Baba yule alikuwa mtu wa kuvua kofia mbele ya kola nyeupe. Alikubali mfuko usifunguliwe shuleni wala nyumbani, isipokuwa kwa kuoga.

Siku ya kwanza ya mfuko, Nafula aliingia ghalani na kuchukua kashata kwa mkono wa kulia. Angefanya nini, na wa pili umefungwa? Nami siku ile niliambiwa na yeye mwenyewe, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za darasa, kwamba Daktari aliinuka kitini akatembea chumba kizima huku akisugua viganja vyake. Alikuwa amepata jibu lake. Kuanzia siku hiyo hakuna kilichomshawishi kuufungua mfuko ule, kwa sababu kila alipoutazama aliona unafanya kazi. Nafula akaanza kuandika kwa mkono wa kulia, herufi kubwa zenye kutetemeka, mstari mmoja wakati sisi tunamaliza ukurasa. Mwalimu aliacha kumwita ubaoni. Hesabu alizifanya kichwani, jibu analijua kabla yangu, lakini kuliandika hakuwahi. Nyumbani kwetu mama aliendelea kumwekea sahani ya maua ya buluu, na Nafula sasa alikula kwa kulia, akimwaga wali mkekani, na siku moja machozi yakamtoka akayafuta kwa mfuko. Mama alisimama akaenda jikoni. Nikamsikia anavunja kuni, na kuni zilikuwa zimeshavunjwa.

Wiki ya kabla ya mtihani mama alivaa buibui lake, akapita nyumba za reli akamchukua mamake Nafula, na mimi nikawafuata. Tulimkuta Daktari ghalani, akinywa chai. Mamake Nafula alisema Kiswahili cha kuunga-unga, akaomba tu mtoto afunguliwe kwa siku za mtihani. Daktari akamjibu kwa upole ule ule: "Mama, nikifungua sasa, kazi yote imeharibika. Vumilia kidogo." Ndipo mama yangu akasogea mbele. Sijawahi kumwona mama anaongea na mwanamume asiye wa nyumbani uso kwa uso namna ile. "Nisikize, bwana," akasema. "Huyu wangu hukumfundisha weye. Huyu anakula kwa kulia tangu alipokuwa hajayua kutambaa, nimemfundisha mimi kwa makofi, na wale wenzake wamefundishwa na mama zao. Kuandika anaandika kwa shoto mpaka hivi leo, nenda kamtizame. Hukubadilisha mtu hapa. Basi mfungue huyu mtoto wa watu." Maneno yalikuwa mepesi, Kiswahili chake alikijua, na nilimwona anaelewa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona rangi inapanda shingoni kutoka kwenye kola. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ahsante sana, mama. Hilo ni muhimu. Nitaliandika." Akatufungulia mlango.

Hakuliandika. Vitabu vyake nimevisoma vyote, kimoja kimoja, nikiwa tayari mwalimu mwenyewe, na humo mna kila kitu, mna uzito wa kashata na rangi ya sahani na hali ya hewa ya Changamwe. Mama yangu hamna. Ndiyo maana wanaoniambia kwamba hakujua desturi zetu, nami nimewasikia wengi, huwa nawaomba wanyamaze. Mtu asiyejua naweza kumsamehe. Yeye aliambiwa, na mwanamke aliyejivika ujasiri kwa ajili ya mtoto asiye wake, akashukuru, kisha akachagua picha nzuri ya jalada.

Mtihani tuliufanyia katika darasa letu lile lile. Nafula aliketi mbele, mfuko ukiwa juu ya dawati. Mimi niliketi nyuma nikaandika kwa shoto kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, msimamizi akipita pembeni yangu. Kila nilipoinua uso nilimwona Nafula ameinama, bega lake la kulia limepanda mpaka sikioni. Karatasi zilipokusanywa, yake ilikuwa imejaa upande mmoja. Matokeo yalipokuja mwalimu mkuu alisoma majina ya waliopasi tukiwa kwenye mstari, akafika langu, akalisoma, akaendelea, akamaliza. Nafula alibaki anamtazama mdomoni kama kwamba kuna jina limekwama humo. Mwezi haukwisha, babake akaamua Nafula na mamake warudi nyumbani Magharibi, kwani hakuna shule ya kumpeleka na mahari ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa. Mama alinipa mikate ya mofa na samaki wa kukaanga niwapelekee stesheni. Mfuko ulikuwa umetolewa, mkono ule ulikuwa mweupe-mweupe na mwembamba kuliko mwenziwe. Nafula alifungua chakula hata kabla gari la moshi halijaondoka, akakaa dirishani akakila kwa kushoto, polepole, macho yake kwangu mpaka behewa likapotea. Mimi nilikwenda bweni. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Nafula alizaa, akalima, akafiwa na mume, na uzeeni mwanawe alipopata kazi Miritini akaja kukaa naye. Hapo ndipo tulipoonana tena, na tangu hapo hatupitishi wiki bila kutembeleana. Nilipomweleza habari za ukumbi na sherehe, nilimwomba tuende sote. "Sina nguo ya kumvalia yule," akasema, na akaendelea kuchambua mchele. "Nenda wewe. Ukirudi unieleze."

Athmani aliponiuliza nitahitaji nini siku hiyo, nilimwambia nina sharti moja: watu wapate kula kwanza, mimi niseme baadaye, na wale pilau kwenye masinia, bila vijiko. Akafurahi mno. "Desturi zetu, bibi! Hasa!" Basi wakala. Ukumbi ulijaa walimu na wanafunzi na wageni wa tai, watu wanne wanne kwa sinia, na ukutani kibao cha jina kimefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Walipokwisha kunawa nilipanda jukwaani, na picha ya mkono wangu ilikuwa nyuma yangu, kubwa kama mlango. Nikasema, "Anayeandika kwa mkono wa kushoto asimame." Wakasimama, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mpiga picha wa video, walimu kadhaa, na Athmani mwenyewe, taratibu, akinitazama kwa wasiwasi. Nikawauliza kama wameshiba. Wameshiba, alhamdulillahi. "Mmekula kwa mkono gani?" Wakaitazama mikono yao, kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na kicheko kikaenda safu kwa safu. "Hongereni," nikawaambia. "Nyote mmeshabadilika tabia, na mimi nimewabadilisha kwa sinia moja moja la pilau. Naomba na mimi nijengewe ukumbi." Walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha nikawaeleza habari za Nafula, mfuko, mtihani, na maneno ya mama yangu ghalani, neno kwa neno. Kitambaa cha kijani hakikuondolewa siku hiyo. Athmani alinisindikiza mpaka garini, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikia raha ambayo sijaisikia tangu harusi yangu.

Nilikwenda moja kwa moja Miritini. Nafula alinisikiliza mpaka mwisho, malori yakipiga honi barabarani nje ya dirisha. "Wamelitoa jina?" akauliza.

"Wamesema kamati itakutana Jumatatu."

"Basi hujafanya kitu."

"Nimewachekesha, Nafula, na nimewaliza."

"Kwani nilikutuma ukawalize?" Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, ingawa siku yenyewe ilikuwa bado. "Jumatatu twende wote."

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya mashine na chupa za maji mbele ya kila kiti. Mwenyekiti alikuwa mama profesa wa makamo, mwenye adabu, na hakika alikuwa ametuhurumia. Alitupa pole ndefu. Kisha akasema kwamba hata hivyo tuzitazame zama zile zilivyokuwa, na kazi kubwa aliyoifanya marehemu kwa watoto wengine wengi, na kwamba kwa vyovyote vile mzee alikuwa na nia njema.

"Mimi pia nilikuwa na nia," Nafula akasema. "Nilitaka kuwa mwalimu."

Karatasi ya mahudhurio ilikuwa inazunguka meza, ikanifikia, nikatia saini, nikamsogezea yeye na kalamu. Akaisukuma kalamu pembeni. "Sijui kuandika," akasema. Nilimtazama. Huyu ni mwanamke anayesoma gazeti kila siku mpaka matangazo ya vifo, anayewasahihishia wajukuu kazi zao za shule.

"Lakini mama," mwenyekiti akasema polepole, "si ulifika darasa la nane?"

"Nilifika. Nilivyotoka, muulizeni Daktari wenu. Nileteeni wino."

Walihangaika kidogo, mtu akatoka, karani akaja na kile kidau cha wino wa mihuri. Nafula akatia dole gumba la kushoto, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, akalishikilia hapo, kisha akaliondoa. Mwenyekiti aliivuta ile karatasi kwake akaitazama muda mrefu kuliko inavyotazamwa karatasi ya mahudhurio. Akaifunika kwa jalada. Akasema jina halitawekwa, na kibao kitaondolewa leo hii, na akawauliza wenziwe kama kuna mwenye neno. Mmoja mmoja wakakubali kwa kichwa.

Nafula akasimama kuaga. Karani alimpa karatasi laini ya kujifutia, akaikataa. Akazunguka meza kumpa kila mmoja mkono, akianza na mwenyekiti, na mkono aliowanyooshea ulikuwa wa kushoto, wino ukiwa mbichi doleni. Wao walikuwa wameshatanguliza mikono yao ya kulia, kama walivyofundishwa na mama zao. Alisimama mbele ya kila mmoja, mkono umenyooka, akangoja bila neno, bila hasira, mpaka mtu akabadilisha.